Vidonge Tisini vya Mmanga

Mmanga Ame wa Kiuyu alikuwa mtu wa haki mpaka haki yake ikawa kero. Akinunua samaki wa changu mmoja, hamkati vipande kama watu wengine. Humpasua kwa urefu, kuanzia kichwani hadi mkiani, nusu ikapanda nyumba ya juu kwa Bi Mwanabaraka, nusu ikateremka nyumba ya bondeni kwa Bi Kazija, asije akatokea mke wa kusema kwamba yeye kazi yake kula mikia. Kanga za Idi alizinunua za rangi moja na maandishi yale yale, kwa sababu alijua neno moja la kanga linavyoweza kuzitia moto nyumba mbili. Hata madema aliyosuka kwa ajili ya kuvulia, la kwanza likipata samaki wengi kuliko la pili, alikuwa anaona haya kidogo, kana kwamba naye kaliambia dema moja maneno matamu.

Wake zake walimcheka. Walikuwa wanapatana, jambo ambalo baadhi ya watu wa Kiuyu hawakulipenda sana, maana uke wenza usio na ugomvi hauna hadithi. Mwanabaraka, mke mkubwa, alikuwa mtu wa maneno machache na kiburi chake cha kimya. Hapokei kitu asichokiomba. Kazija alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kutoa. Huyu akipika mkate wa kumimina, mwenzake anapata; yule akichuma mchicha, mwenzake anapata. Kazija alimwita Mwanabaraka Bi Mkubwa, na alimaanisha.

Kama unataka kujua ugonjwa huu wa haki ulimwingia wapi Mmanga, ulimwingia tumboni. Baba yake alikuwa na wake wawili, na mama yake Mmanga ndiye aliyeachwa upande. Mmanga alikua akila muhogo mkavu huku harufu ya samaki wa kukaanga ikimjia kutoka nyumba ya pili, na alimwona mama yake akijifanya haisikii. Baadaye, kwenye darsa za msikitini, akasikia kuwa mwanamume mwenye wake wawili akimwelemea mmoja, atafufuliwa upande wake mmoja umeinama. Wenzake walilisikia wakaenda zao kulala. Mmanga alitoka msikitini siku ile akitembea wima kama mwanajeshi, na hakupumzika tena.

Mwaka huo, mwezi wa Rajabu, wapimaji walikuja skuli na mashine zao za presha. Mwanabaraka alipopimwa, mpimaji alirudia mara tatu, halafu akamwita mwenzake aje aangalie. Ya Kazija ilikuwa na nafuu kidogo, lakini moyo wake ulikuwa unakwenda mbio na mikono inamtetemeka, na kichwa kilikuwa hakimwachi. Wote wawili wakaandikiwa kwenda kituo cha afya.

Mmanga aliwapeleka siku moja, kwa gari moja, akawakalisha huyu kulia na huyu kushoto. Daktari wa kituo alikuwa kijana anayeitwa Vuai, mtu wa Unguja. Alipofungua mdomo tu kila mtu barazani alijua kwa lafudhi yake kwamba kavuka bahari. Vuai aliwaita mmoja mmoja. Mmanga aliulizwa kama ataingia na mkewe, akakataa. Akiingia na huyu itabidi aingie na yule, na nani atamhakikishia kwamba atakaa dakika zile zile? Akabaki nje kwenye benchi, ameridhika na uamuzi wake. Naumia kila nikilifikiria benchi lile.

Kwa sababu ndani, Vuai alikuwa tayari kashika pakiti ya vidonge vya moyo ili ampe Mwanabaraka, ndipo akamwuliza kama ana maradhi mengine. Mwanabaraka akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa chake cha kupuliza. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Vuai akairudisha ile pakiti kabatini palepale. Akamweleza polepole kwamba dawa za kushusha presha ni nyingi na kila moja ina njia yake: kuna inayotoa maji mwilini, kuna inayotanua mishipa, na kuna hii inayoutuliza moyo usipige kwa nguvu. Hii ya moyo ni nzuri, atampa mwenzake, lakini kwa mtu wa pumu inafunga kifua, na ikishakifunga, hata kile kichupa chake hakitamsaidia. Asiiguse, hata kidonge kimoja. Mwanabaraka akaitika hewala. Akapewa ya kutanua mishipa, kidonge kimoja kwa siku, akaonywa kwamba miguu huenda ikavimba na kwamba dawa ile haina pupa, huchukua wiki kadhaa kuonesha kazi yake. Vidonge thelathini, vimetolewa kwenye kopo kubwa na kufungwa kwenye karatasi.

Kazija akapewa ile ya moyo, asubuhi na jioni. Vidonge sitini, vimo ndani ya pakiti za kung'aa.

Njiani Mmanga aliwauliza wameambiwa nini. Mwanabaraka akasema kaambiwa ameze kila siku na apunguze chumvi. Lile onyo hakulitaja. Lilihusu dawa ya mwenzake, na dawa ya mwenzake iko nyumba ya bondeni. Yeye ataigusia wapi?

Mwezi wa kwanza ulipita, na ulipita vibaya kwa Mmanga kuliko kwa wagonjwa wenyewe. Kazija alipoa. Mikono ilitulia, kichwa kikamwacha, akarudi kuimba akipara samaki. Mwanabaraka miguu ilivimba mpaka viatu vikamkataa, na alipopimwa tena presha ilikuwa imeshuka kidogo tu. Vuai alimwambia hiyo ndiyo tabia ya dawa ile, avute subira. Mwanabaraka alivuta subira. Mmanga hakuweza.

Alikuwa anakaa bandani anasuka madema huku akilinganisha. Vya huyu vimo kwenye pakiti ya fedha, vya yule kwenye karatasi kama bizari ya sokoni. Huyu anameza mara mbili, yule mara moja. Huyu kapona, yule kavimba. Na kubwa kuliko yote, huyu sitini, yule thelathini. Nusu kamili! Mtu aliyempasua changu kwa urefu miaka yote ile, leo nyumba zake zinapewa dawa, moja mara mbili ya nyingine, na yeye ndiye anayezibeba kwa mikono yake.

Kisha siku moja Mwanabaraka, akijikanda miguu mlangoni, akamtania.

"Mwenzangu kapewa ya kupona," alisema, "miye nimepewa ya kuvimba."

Alikuwa anatania tu. Alicheka mwenyewe, akaingia ndani kutia maji ya chai. Mmanga alibaki pale amesimama, na harufu ya samaki wa kukaanga wa miaka hamsini nyuma ikamrudia puani.

Alikwenda kwa Shehe Matano, akamwuliza kama uadilifu baina ya wake unaingia mpaka kwenye matibabu. Shehe akamjibu kwamba bila shaka, kumtibu mke ni katika kumtunza, na mume asimtibu mmoja akamtupa mwingine. Jibu lilikuwa sahihi. Swali ndilo lililokuwa nusu, na Mmanga hakuona haja ya kuuliza nusu iliyobaki, kama kutibu sawa ni kumeza dawa ile ile. Alikwenda nyumbani amepata alichokitaka.

Mwezi wa pili alikwenda kituoni peke yake na vyeti viwili. Vuai siku hiyo alikuwa vijijini na timu ya chanjo. Dawa zilitolewa dirishani, mafungu mawili kama kawaida. Mmanga akarudi nazo Kiuyu, akajifungia bandani, akatandika gunia safi. Akafungua karatasi, thelathini. Akavibonyeza kimoja kimoja kutoka kwenye zile pakiti, sitini. Vyote vyeupe, vyote vidogo, vyote duara. Tisini. Alikuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga aliyoyaosha tangu jana yake na kuyaanika juani. Akavichanganya vyote kwa kiganja, akahesabu arubaini na tano humu, arubaini na tano humu, akahesabu tena. Moyo wake ukatulia kama ambavyo haukuwahi kutulia mwezi mzima. Yule mtu alifurahi, nakwambia. Alifurahi na alikuwa anajiona kaepukana na moto.

Mmanga alimweleza Kazija. Hakuweza kumficha, kwa kuwa alijua pakiti zake. Alimwambia kampunguzia ili mwenzake naye apate ile nzuri, na wote sasa watameza mchanganyiko, leo viwili, kesho kimoja. Kazija hakukasirika hata kidogo. Alisema kumbe alikuwa anangoja nini siku zote, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiona haya kumtazama Bi Mkubwa miguuni. Wakakubaliana wasimwambie Mwanabaraka. Wote wawili walimjua: akisikia kitu kimetoka kwa mwenzake bila ya yeye kukiomba, atakirudisha.

Basi Mwanabaraka akaletewa kopo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, vitu vidogo alivijua kwa vidole. Akatikisa, akauliza mbona safari hii vidonge vimo koponi. Mmanga akamjibu kwamba karatasi inaingiza unyevu. Katika miaka thelathini na mbili ya ndoa huo ndio uongo wa kwanza aliomwambia, na aliutoa kwa nia njema.

Siku ya kwanza mkono wake uliingia koponi ukatoa viwili, na kwa bahati vyote vilikuwa vyake. Siku ya pili akatoa kimoja, nacho chake. Alimeza kwa maji ya mtungi, akasema Alhamdulillah, akaenda kumwagia kuku pumba. Siku ya tatu alitoa viwili. Ilipofika Alasiri kifua kikaanza kumpiga filimbi.

Alilaumu kuni. Zilikuwa mbichi kweli, na moshi ulikuwa mwingi. Alipuliza kichupa chake mara mbili, akapata nafuu isiyofika mwisho, pumzi ikawa inaingia lakini haishibi. Siku ya nne akameza kimoja. Siku ya tano viwili. Kutoka mlangoni mpaka kisimani akawa anasimama mara tatu, ameshika kiuno, anatazama chini. Kuku walimzunguka wakidhani kaleta chakula. Kichupa alikipuliza mpaka kikawa kinatoa hewa tupu, akamtuma Mmanga kumletea kingine, na hicho cha pili nacho kikawa hakimsikii.

Mmanga alimtazama akiogopa, na alichokiogopa kilikuwa kitu kingine kabisa. Aliona presha imepanda. Aliona ile dawa nzuri haijamkolea kwa sababu imechanganywa na ile mbovu, na kwamba yeye kwa kugawa sawa huenda kamdhulumu mgonjwa zaidi. Hakumpeleka kituoni siku hiyo. Alifikiri kesho, na mimi siwezi kumsamehe ile kesho, ingawa najua kila mtu anayo ya kwake.

Akateremka nyumba ya bondeni. Kazija alikuwa kajua habari, kashinda kwa Mwanabaraka mchana kutwa akimkanda mgongo kwa mafuta ya karafuu. Alipomsikiliza mumewe, aliingia ndani akalitoa kopo lake, akalimwaga juu ya sinia. Yeye macho yake yalikuwa mazima na vidonge vyake alivijua. Vilikuwa na mstari katikati, vile vingine havina. Akavichagua vyenye mstari, akavifunga kwenye kitambaa.

"Mpelekee vyote hivi," alisema. "Miye nshapoa. Yeye ndiye mwenye hali, na miye sina mwengine kama yeye."

Kulipopambazuka, baada ya Sala ya Alfajiri, Mmanga alimkorogea Mwanabaraka uji mwembamba, akampa na vidonge viwili kutoka kwenye kitambaa. Alimshika kichwa ili ameze. Mwanabaraka alikuwa kakaa kitako kitandani, mikono kaiegemeza magotini, kwa sababu kulala hawezi tena. Akavimeza. Hakuuliza ni vidonge gani. Maneno yalikuwa yanahitaji pumzi, na pumzi hana.

Jua lilipochomoza vizuri midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na shingo inaingia ndani kila akivuta. Kile kifua kilichokuwa kinapiga filimbi sasa kilinyamaza, na ukimya huo ndio uliomtisha Mmanga kuliko filimbi yote ya juzi na jana. Akakimbia kwa jirani yake Hija, mwenye gari ya kuchukulia muhogo. Wakamtia mbele, Mmanga akimshika kwa nyuma asianguke.

Vuai alikuwapo. Alimtazama mara moja tu tangu mlangoni, akaita nesi, akamtia mpira wa hewa puani, akamchoma sindano, akamwekea ile mashine ya mvuke.  Kisha akiwa bado kamshika mkono akauliza kala nini, kanywa nini, kameza nini. Mmanga alikuwa kalibeba kopo na kile kitambaa, kwa sababu alidhani daktari atataka kujua kama dawa imetosha. Akaviweka mezani.

Vuai akamwaga kopo kwenye kiganja. Akavigeuza kwa ukucha, hivi huku, hivi huku. Halafu akakifungua kitambaa.

"Mzee wangu, hivi si dawa ya mtu mmoja," alisema. "Nani kavichanganya?"

"Miye," alisema Mmanga. "Nimewagawia sawa."

Vuai hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alimwambia yale aliyomwambia Mwanabaraka chumba kilekile, mwezi na siku kadhaa nyuma: kwamba ile ya moyo inafunga kifua cha mwenye pumu na kukizuia kisifunguke. Mmanga aliisikiliza ile nusu ya pili ya swali lake, iliyokuja bila ya kuulizwa. Akamgeukia mkewe. Mwanabaraka macho alikuwa nayo wazi, na masikio yake hayakuwa na ukungu. Alikuwa kasikia. Akaunyoosha mkono akaishika shati ya Mmanga ubavuni, akaikunja ngumini kama mtu anayeshika chombo kisichukuliwe na maji, akawa anamtazama. Alitaka kusema kitu. Gari la wagonjwa la kumpeleka hospitali kubwa lilifika saa tano, na yeye alikuwa keshaiachia ile shati.

Wakati wanamfunika, Mmanga alimwomba Vuai jambo moja. Alisema yeye yuko tayari kwa lolote, aandikwe popote, lakini lile la kitambaa, la nani kakifunga, lisitoke chumbani mle. Vuai akajibu kwamba kitabuni ataandika dawa aliyomeza na aliyempa. Mengine si kazi yake kuyatembeza Kiuyu. Akampa Kazija pakiti mpya kupitia kwa mumewe, akamwambia Mmanga kwa sauti iliyochoka kwamba hizi ni za Kazija peke yake.

Walimzika Alasiri ya siku ile ile. Watu walisema presha, presha siku hizi inakomba watu, na Mmanga aliitikia kila mkono aliopewa. Hitima ikasomwa siku ya tatu, wageni wakala wakatawanyika, majamvi yakakung'utwa. Mmanga alikuwa kakaa peke yake ukumbini mwa nyumba ya juu, hana pa kuelemea wala pa kusawazisha, wakati Kazija alipokuja akakaa mbele yake. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alikuwa na neno moja lililomkaba tangu siku ya maiti, na alilitoa taratibu kama mtu anayeomba apewe kitu cha kumtuliza.

"Vile vidonge vyangu," alisema, "ulimpa kabla hajafa? Vilimfikia?"

Mmanga alimtazama. Maisha yake yote hakuwahi kupata kitu, kitamu au kichungu, asikigawe kati. Na hiki kilikuwa na nusu mbili kweli: moja yake yeye aliyechanganya, na moja ya huyu aliyechagua vyenye mstari kwa mapenzi, akavifunga kitambaani.

"Havikumfikia," alisema. "Nalivitia mfukoni, nikavisahau."

 Uso wa Kazija ukawa unabadilika kidogo kidogo, mpaka ukawa uso ambao Mmanga hakuwahi kuuona kwake.

"Ulimnyima," alisema.

"Nalimnyima."

Kazija aliinuka, akajitanda kanga yake, akateremka kwake bondeni. Na mpaka hivi leo, mtu akimsifu Mmanga mbele yake kwamba ni mume mwadilifu, yeye husema ni kweli, aligawa kila kitu sawa miaka yote, isipokuwa mara moja tu, na mara hiyo ndiyo iliyomuua Bi Mkubwa. Mmanga akiwapo husikia, na huendelea kusuka dema lake.